Kubadilisha taa za gari kutoka halojeni kwenda LED bila kumpofusha dereva anayekuja

Magari mengi tunayoendesha Tanzania na Kenya yametoka Japani yakiwa yametumika, na mengi yalikuja na taa za halojeni: Probox, Hiace, Hilux na ndugu zao. Usiku kwenye barabara isiyo na taa, mwanga ule wa njano unaonekana hautoshi, ndiyo maana globu za LED zimejaa madukani, kuanzia Gerezani ya Dar es Salaam hadi Kirinyaga Road ya Nairobi. Zinaweza kukufaa sana. Lakini LED iliyowekwa ovyo inamulika matawi ya miti na macho ya dereva wa upande wa pili, huku lami iliyo mbele yako ikibaki na giza lake. Kwa hiyo katika mwongozo huu kila taa kubwa inapimwa ukutani kabla ya kubadilishwa na baada ya kubadilishwa, na ukuta ndio unaoamua kama LED inabaki au halojeni inarudi.

Kwanza hakikisha kwamba tatizo ni globu

Simama mbele ya gari mchana uangalie kioo cha taa. Kwenye magari ya miaka ya karibuni kioo hicho ni plastiki, na jua la huku huila ile tabaka ya juu inayoilinda mpaka inapauka na kuwa ya manjano. Taa ya namna hiyo ukiitia LED, mwanga mwingi zaidi utagonga ukungu ule ule na kutawanyika kila upande. Hali inakuwa mbaya kuliko mwanzo.

Isugue kwanza. Zungushia utepe wa karatasi wa wapiga rangi ili usiharibu rangi ya bodi, kisha tumia msasa wa maji namba 800, halafu 1500, 2000 na 3000, huku ukimwagilia maji muda wote. Malizia kwa polishi na kitambaa safi, na baada ya hapo upake vanishi inayozuia mionzi ya jua. Hatua hii ya mwisho ndiyo watu wengi wanairuka, na miezi michache baadaye taa inarudi ilivyokuwa. Dawa ya meno inang'arisha kwa muda mfupi tu.

Jambo la pili ni umeme unaofika kwenye taa. Washa injini, washa taa, pima betri kwa mita: kwa gari la volti 12 utapata kama 13.8 hadi 14.4. Kisha pima kwenye soketi ya taa yenyewe, globu ikiwa imechomekwa na inawaka. Tofauti ikizidi nusu volti, kuna mahali umeme unapotea: kutu pale waya wa hasi unapofungwa kwenye bodi, soketi iliyoungua, swichi iliyochoka au waya mwembamba wa zamani. Kwa halojeni hili si jambo dogo, kwa sababu volteji ikipungua kwa asilimia 10, mwanga hupungua kwa takriban asilimia 30. Fundi umeme akikufungia rilei (swichi inayowashwa kwa umeme) na waya mnene kutoka betri, wenye fyuzi yake, taa ulizonazo zinaweza kukushangaza. Ukiridhika hapo, huna haja ya kununua kitu kingine.

Ijue taa yako na namba ya globu

Taa za mbele ziko za aina mbili kubwa. Yenye rifleketa ina bakuli linalong'aa nyuma ya globu. Yenye projekta ina lenzi ya duara iliyotokeza kama jicho, na ndani yake kuna kibati kinachokata mwanga usipande juu. Projekta inavumilia zaidi LED, maana kibati kile kinaendelea na kazi yake hata chanzo cha mwanga kikibadilika. Rifleketa haina huruma hiyo.

Namba ya globu imeandikwa kwenye kitako chake, na mara nyingi hata kwenye taa yenyewe. Usikubali kuuziwa kwa kutaja jina la gari peke yake, kwa sababu gari moja lina matoleo kadhaa. Hizi ndizo utakazokutana nazo mara nyingi:

- H4: dimu (mwanga wa chini) na fulu (mwanga wa mbali) kwenye globu moja, wati 60/55. Ndiyo ya magari mengi ya kazi.
- H7 na H11: kazi moja kwa globu, wati 55. H11 iko pia kwenye taa nyingi za ukungu.
- HB3 kwa fulu na HB4 kwa dimu.
- T10: kiglobu kidogo cha wati 5 cha paki na sahani ya namba.
- T20 na S25: indiketa, breki na rivasi, wati 21. Zenye kazi mbili, mkia na breki, huandikwa 21/5.

Malori kama Fuso, na hata baadhi ya Land Cruiser za dizeli za zamani, yanatumia volti 24. Tafuta globu iliyoandikwa kwamba inakubali volti 9 hadi 32, la sivyo itaungua papo hapo.

Kwa nini mahali pa chipu ni muhimu kuliko ukali wa mwanga

Sehemu hii naomba uisome polepole, maana ukiielewa utamjua muuzaji mzuri na mbaya bila msaada wa mtu.

Ndani ya globu ya halojeni mwanga unatoka kwenye uzi mwembamba sana, na bakuli la taa lilichorwa kiwandani kuuzunguka uzi huo, mahali ulipo, kwa vipimo vya milimita. Kila sehemu ya bakuli ina kazi yake: hii inatupa mwanga mbali kidogo upande wa kushoto, ile inatandaza karibu na gari. Chanzo kikisogea milimita moja au mbili, kila kitu barabarani kinahama.

H4 ina nyuzi mbili. Ule wa dimu una kikombe kidogo cha chuma chini yake, kinachozuia mwanga usifike nusu ya chini ya bakuli. Nusu hiyo ndiyo ingeupeleka mwanga juu, machoni mwa watu. Ndiyo maana dimu nzuri ikipiga ukuta inaonyesha mstari: chini mwanga, juu giza, na upande wa kushoto mstari unapanda kidogo ili umuone mtembea kwa miguu kando ya barabara.

LED haina uzi. Ina chipu, yaani vipande vidogo vinavyotoa mwanga, zilizobandikwa pande mbili za kipande cha chuma. Ili ifanye kazi kwenye taa ya halojeni, chipu ziwe ndogo, zikae pale pale palipokuwa uzi, na kipande hicho kiwe chembamba, milimita 2 au pungufu, ili pande mbili zionekane kama chanzo kimoja. H4 ya LED lazima pia iwe na kikombe chini ya chipu za dimu. Peleka halojeni yako dukani, ilaze sambamba na LED, linganisha kutoka kwenye kitako hadi kwenye uzi na kutoka kwenye kitako hadi kwenye chipu. Zisipolingana, rudisha hata kama boksi lina picha ya gari la mashindano. Zile zenye chipu pande tatu au nne, zinazosifiwa kwa kuwaka pande zote, zikimbie kabisa kwa taa kubwa.

Sasa kuhusu namba za kwenye boksi. Lumeni ni kipimo cha mwanga unaotoka kwenye globu. Halojeni ya H7 inatoa lumeni 1500 hivi. H4 inatoa 1000 kwa dimu na 1650 kwa fulu. LED inayotumia wati 25 za kweli, kwa hesabu ya karibu lumeni 100 kwa kila wati, inatoa kama 2500 kabla bakuli na kioo havijachukua sehemu yao. Kwa hiyo jozi iliyoandikwa lumeni 20,000 haiwezi kuwa ya kweli. Mwombe muuzaji aiwashe kwenye betri ya dukani kupitia mita ya ampea na muiache dakika kumi. Wati 25 ni kama ampea 1.9 kwa umeme wa volti 13.5. Ukiona ampea zinaanza juu kisha zinashuka kadiri globu inavyopata joto, mwanga nao unashuka hivyo hivyo, na ndivyo itakavyokuwa ukiwa njiani kati ya Mtito Andei na Voi. Muuzaji anayekataa jaribio hili ameshakujibu.

Rangi ya mwanga hupimwa kwa kelvini: chagua 4300 hadi 6000. Halojeni iko karibu 3200. Zile za 8000 zinazoelekea bluu zinaonyesha kidogo na zinaumiza macho, hasa mvua ikinyesha au ukungu ukishuka Limuru na Lushoto. Kwa taa za ukungu napendelea 3000, ile ya njano.

Anza na taa ndogo

Hapa LED ina faida bila hatari kubwa, na ni mahali pazuri pa kuzoesha mikono. T10 ya sahani ya namba na ya paki huchomolewa kwa vidole. Ukiirudisha na haiwaki, igeuze upande wa pili. LED ina chanya na hasi, halojeni haikujali. Usijaze kiglobu kinene chenye chipu ishirini mahali pa wati 5, kwa sababu kitapasha joto soketi ya plastiki.

Taa ya rivasi ndiyo ninayoipenda kuliko zote kubadilisha. Globu moja ya LED nyeupe na unaona shimo la nyuma usiku vizuri, wala haimsumbui mtu kwa sababu inawaka sekunde chache.

Kwa mkia na breki, kama kioo ni chekundu nunua LED nyekundu. LED nyeupe kwa asili ni chipu ya bluu iliyopakwa unga wa njano, nyekundu yake ni haba, na ikipita kwenye kioo chekundu inatoka hafifu na ya waridi. Indiketa vilevile: nunua ya rangi ya chungwa, hata kama kioo ni cheupe. Kuwa mwangalifu na vitako vya S25: kuna chenye vipini sambamba, chenye vipini vilivyopishana kimo kwa kazi mbili, na kile cha indiketa za chungwa ambacho vipini vyake havitazamani moja kwa moja. Usilazimishe kuingiza.

Ukimaliza, mwite mtu akanyage breki nawe usimame nyuma mita 20, kisha uhamie pembeni. Tofauti kati ya mkia na breki lazima ionekane bila kujiuliza, tena mchana wa jua kali. Globu zinazowaka kwa mbele tu zinaonekana kali ukisimama nyuma kabisa lakini zinapotea ukienda kando. Chukua zenye chipu na pembeni pia. Nyuma ya gari lako kuna bodaboda, na hawaji wote kwa mstari mnyoofu.

Indiketa zikianza kwenda mbio

Ukibadilisha indiketa karibu hakika zitawaka haraka haraka. Flasha ya gari, kile kifaa kinachopepesa indiketa, imezoea globu ya wati 21 inayokula ampea 1.75, LED inakula kidogo sana, flasha inadhani globu imeungua na inakuonya. Dawa ziko mbili.

Bora ni kubadilisha flasha uweke ya LED. Kwenye Toyota nyingi ni kiboksi chenye pini nane, karibu na fyuzi chini ya dashibodi. Chukua yenye pini nane zinazolingana na yako, chomoa ya zamani, chomeka mpya, kazi imekwisha.

Nyingine ni rezista ya ohm 6, wati 50, inayofungwa sambamba na kila globu. Inafanya kazi, lakini inageuza umeme wote ule kuwa joto la kuunguza ngozi. Lazima ikazwe kwenye bati la bodi, mbali na plastiki, zulia na waya. Ukiona fundi anaifunga kwa utepe kwenye mkungu wa waya, msimamishe.

Taa kubwa, hatua kwa hatua

1. Tafuta ardhi tambarare mbele ya ukuta. Jaza matairi upepo sawa, kiweke kirekebisha taa cha ndani (kile cha kwenye dashibodi kinachoinua na kushusha taa) kwenye sifuri, na mtu akae kiti cha dereva. Egesha mita 5 kutoka ukutani.

2. Pima kimo kutoka chini hadi katikati ya globu. Weka utepe ukutani kwa kimo hicho. Washa dimu ukiwa bado na halojeni, weka utepe wa pili pale mstari wa mwanga unapoishia, na upige picha. Kwa gari dogo mstari huo uwe sentimita 5 hadi 6 chini ya kimo cha globu. Kama hauko hapo, rekebisha sasa kwa skrubu za nyuma ya taa, kwa sababu LED haitasahihisha taa iliyopinda.

3. Zima taa na uache globu zipoe. Fungua boneti. Upande mmoja huwa na betri au tangi la maji ya waipa. Bora kulegeza na kusogeza kuliko kupachika globu kwa kupapasa.

4. Chomoa soketi, vua kifuniko cha mpira, bonyeza klipu ya waya na uitoe kwenye ndoano yake. Toa halojeni kwa kushika kitako. Mafuta ya vidole kwenye kioo chake huipunguzia maisha, na bado utaihitaji.

5. LED nyingi za H4 zina pete ya chuma inayotoka. Itoe, ipachike peke yake kwenye taa, meno yake matatu yakae sawa na lile pana liwe juu, rudisha klipu. Hapo ndipo unaingiza globu na kuizungusha mpaka ijifunge. Ukiacha pete ndani ya globu na kulazimisha vyote pamoja, klipu haitakaa vizuri.

6. Chipu ziangalie kushoto na kulia, kamwe si juu na chini. Hili ni kwa H4, H7 na H11 zote. Kama pete ina skrubu ndogo ya kurekebisha, ilegeze, zungusha, kaza.

7. Rudisha kifuniko cha mpira. Usikiache. Halojeni ilikuwa inakausha unyevu ndani ya taa kwa joto lake. LED inatupa joto nyuma, kwenye feni na mapezi ya alumini, kwa hiyo kwa sisi wa Tanga, Dar na Mombasa taa isiyofunikwa itajaa matone. Wakati huo huo feni inahitaji hewa, hivyo usiibane na plastiki ya nyuma. Kama globu ni ndefu mno kwa nafasi iliyopo, tafuta fupi.

8. Funga kiboksi kilicho kwenye waya wa LED kwa tai ya plastiki, mbali na feni ya rejeta. Washa dimu, kisha fulu, kisha zima na washa tena.

Toyota nyingi zina tabia yake: umeme wa chanya unafika kwenye H4 kupitia pini ya pamoja, na swichi inakatiza hasi. LED isiyokubali mpangilio huo haitawaka, au itawaka dimu na fulu kwa kuchanganya. Pengine taa ya bluu ya fulu kwenye dashibodi itakataa kuwaka au haitazimika. Globu si mbovu. Kuna waya za kubadilishia mpangilio huo zinazouzwa tayari kwa H4, au uchukue LED iliyoandikwa kwamba inakubali pande zote mbili. Magari ya Ulaya kama Volkswagen na BMW yana shida nyingine: kompyuta ya gari inapima globu, LED inapepesa au onyo linatokea, nayo inahitaji kiboksi cha kati kinachoelewana na kompyuta hiyo.

Washa pia redio ya FM. LED za bei ya chini sana zinaingiza mlio kwenye redio, na huo ni ushahidi wa vifaa vya umeme visivyochujwa vizuri.

Ukuta unatoa hukumu

Rudi mita 5, utepe ule ule. Linganisha na picha. Mstari uwe mahali pale pale, ukiwa mkali, na kushoto uinuke kama mwanzo. Juu ya mstari pawe na giza. Kitovu cha mwanga kiwe chini kidogo ya mstari, kisiwe kimehamia miguuni mwa gari. Mwanga mwingi wa karibu unadanganya, kwa sababu macho yanazoea ung'avu huo na ya mbali yanapotea.

Ukiona mabaka ya mwanga juu ya mstari, zungusha globu kidogo tu na uangalie tena. Jaribu taa moja moja kwa kuifunika nyingine. Ikikataa kabisa, usishushe taa nzima kwa skrubu ili kuficha tatizo, maana utakuwa na gari linalomulika mita 20 na bado linawachoma watu. Rudisha halojeni. Halojeni mpya ya kampuni inayoaminika kwenye kioo kilichosuguliwa ni taa nzuri, wala hakuna aibu.

Ukuta ukikubali, mpe rafiki gari, nenda simama mita 50 mbele, mahali ambapo macho ya dereva wa gari dogo yangekuwa. Mwambie aje polepole na dimu. Halafu rudia na gari likiwa limebeba mzigo kama unavyobeba siku zote, kwa sababu Probox yenye magunia nyuma inainua pua na dimu inakuwa fulu. Kirekebisha taa cha ndani kipo kwa ajili hiyo, kama gari lako linacho.

Sheria, na walio ng'ambo ya mpaka

Uingereza, ukaguzi wa MOT hufelisha magari mengi ambayo taa zake za halojeni zimewekwa LED. Marekani, sheria ya shirikisho hairuhusu globu hizo kwenye taa kubwa za halojeni. Ujerumani iliruhusu kuanzia 2020, kwa globu ya Osram ya H7, tena kwa magari yaliyoorodheshwa tu, baada ya kila taa kupimwa na globu hiyo. Ukiishi huko, angalia orodha kwanza. Kwetu, kabla ya kupeleka gari ukaguzi wa NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani ya Kenya) au kukutana na trafiki, hakikisha mstari wa dimu uko sawa, mbele hakuna bluu wala nyekundu, na hakuna taa inayopepesa.

Kwa ndugu wa Burundi na Kongo wanaoendesha kulia kwa magari yaliyotoka Japani: dimu ya Japani inapanda upande wa kushoto, na kwenu kushoto ndiko anakotoka dereva mwingine. LED haibadilishi hilo, inalizidisha, kwa sababu mpando huo umechorwa kwenye bakuli na kioo cha taa. Dawa ni kununua taa nzima zilizotengenezwa kwa barabara ya kulia, kisha ndipo uzungumzie globu.

Halojeni zako za zamani zifunge kwenye kitambaa safi uziweke kwenye droo ya dashibodi pamoja na bisibisi. Feni ya LED ikifa usiku ukiwa unapita Mikumi, dakika kumi zinatosha kuzirudisha. Baada ya wiki moja ya barabara ya vumbi, fungua boneti ushike kila globu uone kama imelegea, na upime ukuta mara moja zaidi.